Mhariri, namba ya atomu ni idadi ya protoni, naomba msahihishe

Mhariri, salaam sana.

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua, na naomba msiikate sana hii barua maana nimeiandika usiku baada ya kufunga duka na jambo lenyewe limenikaa rohoni siku ya nne sasa. Ni kuhusu ule ukurasa wenu wa maswali na majibu ya kidato cha pili, upande wa kemia, uliotoka wiki mbili zilizopita. Mliandika kwamba namba ya atomu ni idadi ya elektroni zilizomo kwenye atomu. Hapana. Namba ya atomu ni idadi ya protoni zilizomo kwenye kiini cha atomu, na hilo halina mjadala toka enzi za babu zetu.

Nimelijuaje, ni kwa sababu ya mpwa wangu, mtoto wa dada, anakaa kwangu anasoma kidato cha pili. Walipewa jaribio, kuna swali linasema chembe fulani ina protoni 11 na elektroni 10, taja namba yake ya atomu, yeye akaandika 10, mwalimu akamwekea kosa. Karudi nyumbani macho mekundu, kashika daftari, na ndani ya daftari kabandika kile kipande cha gazeti lenu kakikata vizuri na mkasi, ananiambia mjomba mimi nimejibu kama gazeti lilivyoandika, sasa nani kakosea? Nikamwambia mwalimu wako yuko sahihi. Hakuniamini mara moja, na simlaumu, kwa sababu mtoto akiona kitu kimechapwa anajua kimeshakaguliwa na watu wazima.

Hawa watoto darasani wanasomeshwa kemia kwa Kiingereza, wakirudi nyumbani wanatafuta mtu wa kuwaelewesha kwa Kiswahili na wengi wao hawana, kwa hiyo ukurasa kama wenu ndiyo mwalimu wao wa jioni. Mimi naupenda ule ukurasa, nimeusoma miaka. Ndiyo maana nimekaa kuandika.

Sasa niseme mimi ni nani. Si mwalimu. Nimesoma mpaka kidato cha sita, kemia niliipenda, maisha yakanileta Geita na kazi yangu ni kupima dhahabu kwenye duka la mnunuzi. Wachimbaji wadogo wanaleta mzigo, mimi naupima uzito, naupima usafi, naandika karati, mwenye duka analipa. Namba ya atomu kwangu ni kitu nakifanyia kazi kila siku kuanzia saa mbili asubuhi, na mkiniambia ni idadi ya elektroni basi mnaniambia mashine yangu ya eksirei, inayoitambua dhahabu kwa protoni zake, inapima kitu kingine.

Najua kosa lenu limetokea wapi. Atomu ikiwa haina chaji, elektroni zake zinalingana idadi na protoni zake. Protoni moja ina chaji chanya moja, elektroni moja ina chaji hasi moja, zinafutana. Kwa hiyo ukimuuliza mwanafunzi dhahabu ina elektroni ngapi atasema 79, protoni ngapi, 79, na yule aliyeandika jibu lenu akaona ni yale yale, akachukua lililokuwa karibu. Lakini si yale yale, kwa sababu elektroni zinaondoka na kurudi, protoni hazibanduki kirahisi. Huku machimboni ntawapa mfano ambao kila mtu anaujua. Duara, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, lina vibarua leo kumi, kesho nane, keshokutwa wamekuja kumi na mbili, lakini duara linatambulika kwa namba ya leseni yake. Huwezi kwenda ofisi ya madini ukasema duara langu ni namba nane kwa sababu leo wamekuja vibarua wanane.

Tuchukue chumvi, hii ya mezani. Ni sodiamu na klorini. Zikiungana, sodiamu inatoa elektroni moja inampa klorini, kwa hiyo ndani ya chumvi sodiamu inabaki na elektroni 10 na klorini inakuwa na elektroni 18. Haya, chukueni sasa jedwali la elementi (ile chati inayopanga elementi zote kwa namba ya atomu) muangalie namba 10 ni nani, ni neoni, gesi ile ya taa za matangazo. Namba 18 ni argoni, gesi nyingine. Kwa maelezo ya gazeti lenu mboga yangu jana nimeitia neoni na argoni! Lakini sodiamu bado ni sodiamu kwa sababu kiini chake kina protoni 11, na klorini ni klorini kwa sababu ina 17, hata ziwe zimekopeshana elektroni vipi. Na hilo swali la mpwa wangu lilikuwa ni hilo hilo, ile chembe yenye protoni 11 na elektroni 10 ni sodiamu iliyomo kwenye chumvi.

Mfano wa pili ni wa huku kwetu. Marudio (mchanga unaobaki baada ya mawe kusagwa karashani na dhahabu ya kwanza kukamatwa) yanapelekwa kuchenjuliwa kwa sianidi, kwenye matenki. Dhahabu inapoyeyuka ndani ya sianidi inapoteza elektroni moja, kutoka 79 inabaki 78. Namba 78 kwenye jedwali ni platinamu. Sasa mwenye mtambo angekuwa anaingiza mchanga wa dhahabu, tenki linajaa platinamu, halafu mwisho wa kazi inatoka dhahabu tena? Haiwezekani, na kila mtu aliyewahi kukesha kwenye mtambo wa kuchenjulia anajua kilichoingia ni dhahabu, kilichoyeyuka ni dhahabu, na kilichonaswa kwenye kaboni ni dhahabu. Kiini chake chenye protoni 79 hakijaguswa hata kidogo na sianidi. Wala moto haukigusi, wala asidi, vyote hivyo vinahangaika na elektroni za nje tu. Na nimseme hapa hapa yule mtu anayepita kwenye mialo, kule kunakooshewa mchanga wa dhahabu, akiwaambia vijana ana dawa ya kugeuza madini mengine kuwa dhahabu. Zebaki, hii mekyuri tunayokamatia dhahabu, ina protoni 80, moja tu zaidi ya dhahabu. Ili iwe dhahabu lazima protoni moja itoke ndani ya kiini, na hakuna dawa ya kuchemsha kwenye sufuria inayofika ndani ya kiini. Kuna vijana wamepoteza mtaji kwa maneno ya namna hiyo na inaniuma, wangejua tu kwamba kinachoamua ni protoni wasingempa mtu hela.

Kuna wengine wao wanakosea upande wa pili, wanadhani kinachotambulisha elementi ni uzito. Hili nalo mliligusia kwa mbali kwenye ukurasa ule ule pale mliposema elementi zimepangwa "kutoka nyepesi kwenda nzito". Karibu ni kweli ila si kweli yote. Uzito wa atomu unatokana na protoni pamoja na nyutroni, na nyutroni hazina chaji, zinaweza kuzidi au kupungua na elementi ikabaki ile ile. Dhahabu yote ya asili ni aina moja, protoni 79 na nyutroni 118, jumla 197. Zebaki ya asili iko ya aina saba, kuanzia 196 mpaka 204. Angalieni hapo, kuna atomu za zebaki, ni chache sana lakini zipo, zenye 196, yaani ni nyepesi kuliko atomu ya dhahabu! Mtu wa uzito ataiweka hiyo zebaki kabla ya dhahabu. Lakini ina protoni 80, ni zebaki, inatiririka kama zebaki, na moshi wake unaharibu figo na mishipa ya fahamu kama zebaki nyingine yoyote (na nyie mnaochomea ndani ya nyumba wanapolala watoto, nawaomba sana muache).

Na dukani uzito umeshawatia watu hasara. Zamani wengi tulikuwa tunategemea kupima kwenye maji, unapima mzigo mkavu, unaupima ukiwa ndani ya maji, unapiga hesabu ya msongamano. Dhahabu safi ni kama 19.3, yaani sentimita moja ya ujazo ina gramu 19.3. Sasa kuna metali inaitwa tangsteni, msongamano wake ni 19.25. Ukiijaza tangsteni ndani halafu juu ukapaka dhahabu, maji hayatakuambia kitu, na huko duniani kuna watu wameshauziwa vipande vya namna hiyo. Tangsteni ina protoni 74. Mashine inayosoma protoni haidanganyiki kwa hilo, ila lazima niseme ukweli wote, mashine yenyewe inasoma ngozi ya juu tu, sehemu ndogo sana ya milimita, kwa hiyo mzigo wa mtu nisiyemjua tunauyeyusha kwanza. Dhahabu inayeyuka kwenye nyuzi 1064 na tangsteni mpaka ifike nyuzi 3422, hivyo kama ipo ndani itabaki imekaa pale pale kama jiwe, jiko letu haliiwezi.

Mashine inasomaje protoni ndiyo habari niliyotaka hasa kuiandika, kwa sababu huku ndiko namba ya atomu ilikopatikana.

Unaweka kipande chini ya mashine, inakipiga kwa eksirei. Eksirei inaitoa elektroni moja ya ndani kabisa, zile zilizobanana karibu na kiini. Nafasi ikibaki wazi, elektroni ya juu yake inaanguka kuziba, na ikianguka inatoa eksirei yake ndogo. Nguvu ya hiyo eksirei inategemea kiini kinavuta kwa nguvu kiasi gani, na mvuto wa kiini unatokana na protoni zake, zikizidi moja mvuto unapanda. Dhahabu inatoa mstari (kwenye skrini unaonekana kama kilima) wa 9.71, kwa kipimo cha kilo elektroni volti, zebaki 9.99, shaba 8.05, chuma 6.40. Mchimbaji akileta dhahabu aliyoichoma juu juu mekyuri haijaisha, pale kwenye skrini kuna kilima cha 9.71 na pembeni yake kakilima ka 9.99 kamesimama, namwonyesha kwa kidole, namwambia kaka hii bado, rudi ukaichome vizuri, na tumia ritoti, kile chombo cha kuchomea kinachonasa moshi wa mekyuri. Tofauti ya vile vilima viwili ni protoni moja. Na pete, vumbi, mkufu, jiwe lililotoka duarani asubuhi, yote yana mstari ule ule, kwa sababu elektroni za nje ziwepo zisiwepo kiini hakijali.

Huyu aliyegundua jambo hili alikuwa kijana wa Kiingereza, Henry Moseley, na mngeandika habari zake watoto wetu wangeipenda kemia. Kabla yake jedwali lilikuwepo, Mendeleev wa Urusi alilipanga mwaka 1869 kwa kufuata uzito na tabia za elementi, lakini kulikuwa na mahali panagoma. Kobalti na nikeli kwa mfano, kwa uzito nikeli inatangulia maana kobalti ni 58.93 na nikeli 58.69, lakini kwa tabia kobalti ndiyo inatakiwa itangulie. Ile namba ya nafasi kwenye jedwali watu waliiona kama namba ya kiti tu, wa kwanza wa pili wa tatu. Mwaka 1911 mwanafizikia Rutherford akaonyesha kwamba atomu ina kiini chenye chaji chanya, na mwaka huo huo Mholanzi mmoja anaitwa van den Broek, mtu wa sheria wala si mwanafizikia wa kazini, akatoa wazo kwamba labda namba ya kiti ndiyo hesabu ya chaji za kiini. Lilikuwa wazo, hakuna aliyelipima.

Moseley akalipima. Mwaka 1913 akiwa Manchester kwenye maabara ya Rutherford, halafu akahamia Oxford, akazipiga elementi moja moja akasoma eksirei zinazotoka. Akachukua kipeuo cha pili cha masafa (idadi ya mitetemo kwa sekunde) ya kila mstari, akakuta vinapanda kama ngazi, hatua kwa hatua, kila elementi hatua moja sawasawa na ya jirani yake. Kobalti 27, nikeli 28, ugomvi umekwisha, uzito ukakaa pembeni. Mwaka 1914 akatoa orodha yake ndefu inayoanzia aluminiamu, 13, na kuishia wapi, kwenye dhahabu! 79. Mimi nilipolisoma hilo mara ya kwanza nilikaa kimya kidogo, kwamba ngazi ya huyu bwana mwisho wake ni kitu hiki hiki kilichopo mezani kwangu.

Na kwenye ngazi yake akaona vidato vitatu havina mtu, 43, 61 na 75. Akasema hizi elementi zipo ila hazijapatikana bado. Ya 75 ikapatikana Ujerumani mwaka 1925, ya 43 ikapatikana Palermo kule Italia mwaka 1937, na ya 61 Oak Ridge Marekani mwaka 1945. Mwenyewe hakuiona hata moja. Vita ya kwanza ilipoanza alijiunga na jeshi, akapelekwa Gallipoli, Uturuki, akapigwa risasi tarehe 10 Agosti 1915. Alikuwa na miaka 27. Neno protoni lenyewe hakulijua, Rutherford alianza kulitumia mwaka 1920, kwa hiyo huyu kijana alizihesabu kabla hazijapewa jina. Kila nikiiwasha mashine asubuhi namfikiria.

Nimalizie na mfano mmoja wa nyumbani maana najua wasomaji wengine watasema haya ni mambo ya Ulaya. Lile fuvu la Zinjanthropus alilolipata Mary Leakey Oldupai mwaka 1959, lililopo Makumbusho ya Taifa Dar es Salaam, mmewahi kujiuliza walijuaje ni la miaka kama milioni 1 na laki 7 na nusu? Walihesabu kwa kitu hiki hiki. Majivu ya volkano ya kule yana potasiamu, protoni 19. Kiasi kidogo cha hiyo potasiamu ni aina ya 40 (jumla ya protoni na nyutroni zake), na hiyo haijatulia, polepole sana inabadilika. Kwenye baadhi ya atomu kiini kinaimeza elektroni yake ya karibu, protoni moja inageuka nyutroni, zinabaki 18, na 18 ni argoni, gesi. Nyingine, na ndizo nyingi, nyutroni moja inageuka protoni, zinakuwa 20, inakuwa kalsiamu. Volkano ikilipuka ule moto unaifukuza argoni ya zamani, jiwe likipoa argoni mpya inaanza kujikusanya ndani haina pa kutokea, na mwaka 1961 wataalamu wakaipima wakapata umri. Sasa naomba yule aliyeandika jibu lenu aliangalie hili kwa utulivu, potasiamu 40, argoni 40, kalsiamu 40, uzito wote arobaini, mmoja ni metali laini inayoshika moto ikigusa maji, mwingine ni gesi isiyotaka kuungana na mtu, wa tatu ndiyo huyu wa mifupa na chokaa. Kilichowatenganisha ni 19, 18 na 20.

Kwa hiyo mhariri, ombi langu. Kwenye ukurasa ule ule, mahali pale pale, kwa herufi zile zile (msilifiche kwenye kona ya chini), mchape hivi: namba ya atomu ni idadi ya protoni kwenye kiini cha atomu, na atomu isipokuwa na chaji idadi ya elektroni inalingana nayo. Mkiweza ongezeni lile swali la protoni 11 na elektroni 10 pamoja na jibu lake, 11, maana nina hakika si mpwa wangu peke yake aliyekikata kile kipande akakibandika kwenye daftari. Mtihani wao wa muhula ni mwezi ujao. Mimi nimeshamwelekeza, siku ya Jumamosi nilimpeleka dukani akaona vile vilima viwili kwa macho yake, akaniuliza mjomba kwa hiyo hapa katikati ya hii na hii ni protoni moja tu, nikamwambia moja tu. Lakini yule aliyekuwa Chunya au Kahama au wapi, hana mjomba mwenye mashine, anawasubiri nyie.

Wenu,
Mpimaji wa dhahabu, Geita